Mzee Aendapo Kupasuliwa, Akili Yake Nayo Itayarishwe

Haya ni maneno yaliyosemwa na mfasiri wa serikali mbele ya wazee na jamaa zao waliokutana Kathonzweni, katika Kaunti ya Makueni. Yamepigwa chapa hapa kwa kuwa wengi waliomba wapate kuyasoma tena nyumbani.



Kazi yangu si udaktari. Mimi ni mfasiri. Huletewa karatasi zilizoandikwa kwa Kiingereza nikazigeuza ziwe Kiswahili, na mara nyingine husimama kati ya daktari na mgonjwa asiyejua lugha ila Kikamba. Basi nitakayoyasema juu ya dawa na upasuaji nimeyapata kwa madaktari na katika vitabu vyao. Lakini nitakayoyasema juu ya maneno ni yangu mwenyewe, maana maneno ndiyo jembe langu.

Nataka kusema nanyi juu ya jambo ambalo wengi wenu mmeliona kwa macho, ingawa hamkupewa jina lake. Mzee aingia hospitali kupasuliwa. Ana miaka sabini na mitano. Ni mtu mwenye akili timamu, ajuaye hesabu ya mbuzi wake na deni la kila jirani. Apasuliwa vizuri, kidonda ni safi, daktari afurahi. Kisha siku ya kwanza, au ya pili, au ya tatu, hasa jua likichwa, mzee huyo abadilika. Asema yuko kwake. Amwita kaka yake aliyekufa zamani. Ang'oa sindano ya maji mkononi, ataka kushuka kitandani akafungue zizi. Asubuhi huonekana amepona. Usiku maneno yakaanza tena. Binti yake aliyeketi pale hupatwa na hofu kubwa kuliko ile aliyokuwa nayo siku ya kisu chenyewe.

Madaktari wana jina moja la hali hiyo, nalo asili yake ni Kilatini. Maana yake ya kwanza ilikuwa kutoka nje ya mfuo wa plau. Ninyi mlimao kwa ng'ombe mwaielewa maana hiyo kuliko profesa yeyote. Maksai akiacha mfuo hamsemi amelaaniwa. Mwamsimamisha, mwatazama kama nira yamchoma shingo, kama ana kiu, kama jua limemzidi, kama mtoto amshikaye kamba amemvuta vibaya. Mkiisha kuondoa kinachomsumbua, kwa kawaida hurudi mfuoni.

Sasa, katika karatasi moja niliyoletewa niisahihishe, mtu alikuwa amelifasiri jina hilo kuwa "wazimu wa baada ya kupasuliwa". Nililifuta. Hapa kwetu neno "wazimu" likishaingia nyumbani halitoki upesi. Jamaa wakilisikia huanza kuulizana ni nani aliyemwendea mzee kwa ubaya, shamba la mpakani lataka kuchukuliwa na nani, na mke yupi hakusalimu siku ile. Wengine humficha. Nimepata kuwaza maneno mengine: kupayuka, kuweweseka, kurukwa na akili. La kwanza lina dharau ndani yake. La pili ni la mtu aliyelala. La tatu lakaribia wazimu tena. Nimechagua kusema "kuchanganyikiwa kwa ghafula", na neno "ghafula" ndilo lenye uzito. Wazimu na usahaulifu wa uzeeni huja polepole, miezi na miaka. Hili huja kwa saa chache au siku chache, nalo lina sababu iliyo ndani ya mwili, na aghalabu hupita sababu hiyo ikishughulikiwa.

Lakini nisiwapoze mioyo kupita kiasi. Neno "hupita" lisiwafanye mkadhani ni jambo dogo. Mtu aliyechanganyikiwa aweza kuanguka kitandani akavunjika. Aweza kung'oa mishono. Hukaa hospitali siku nyingi zaidi, na gharama huongezeka. Wengine, hasa wale waliokuwa na usahaulifu tangu mwanzo, hawarudi wakawa kama walivyokuwa. Mwaka 1955 daktari mmoja wa Oxford, P. D. Bedford, aliandika katika gazeti la madaktari, The Lancet, juu ya wazee ambao jamaa zao walilalamika kwamba tangu kupasuliwa hawakuwa tena watu wale wale. Ni jamaa waliomjulisha jambo hilo. Na hata leo jamaa ndio watu wa kwanza kulitambua, kwa kuwa mwuguzi aliyemwona mzee jana tu hawezi kujua kama ndivyo anenavyo siku zote.

Tena iko namna nyingine iliyo hatari zaidi kwa sababu haina kelele. Mzee hapigi makofi wala hang'oi kitu. Amenyamaza tu. Amelala mchana kutwa, akiitwa ajibu polepole, hali, hatazami mtu. Wageni husema, "Mwacheni apumzike, amechoka." Huenda ni kweli amechoka. Lakini huenda amechanganyikiwa, na kwa kuwa hasumbui mtu, hakuna anayemwita daktari.

Nimewahi kumwona mzee mmoja katika hospitali moja ambayo sitaitaja. Mikono yake ilikuwa imefungwa kitandani kwa bandeji. Alikuwa amepasuliwa tumbo siku mbili kabla. Wajukuu wake walikuwa wamekwisha kukodi gari wamchukue usiku ule ule wampeleke kwa mtu wa kupiga ramli, naye bado ana mishono mibichi. Niliitwa kufasiri. Nikauliza maneno machache kwa Kikamba, karibu na sikio lake la kushoto, maana la kulia halikusikia. Mzee akasema kwa hasira kwamba tangu alipoingia mahali pale hakuna mtu aliyesema lugha ya watu. Na ya kwamba ana kiu. Na ya kwamba kuna nyoka amefungwa kwake mapajani. Nyoka huyo ulikuwa mpira wa mkojo. Hakuna aliyemwambia kabla kwamba ataamka nao. Miwani yake ilikuwa imebaki Kathonzweni juu ya kabati. Daktari alikuja, akapima damu na mkojo, akaona mpira wenyewe haufai kukaa tena na kwamba kibofu kimeingia ugonjwa, akatoa dawa. Mkewe akaletwa akaketi naye. Haikuwa miujiza, usiku wa pili bado aliita ng'ombe. Siku ya nne aliuliza kama mvua imenyesha.

Fikirini basi: katika mambo yaliyomtoa mzee yule katika mfuo, ni mangapi yalihitaji daktari, na ni mangapi yalihitaji mtu wa nyumbani kwake?

Watu wengi hulaumu dawa ya usingizi. Husema, "Ile dawa ndiyo iliyomharibu," nao hutaka mzee apewe sindano ya mgongoni tu. Jambo hilo limechunguzwa. Mwaka 2021 madaktari wa Marekani na Kanada walitangaza habari za wagonjwa 1,600 waliovunjika nyonga, nusu yao wakipewa sindano ya mgongoni na nusu wakilazwa usingizi mzima. Kuchanganyikiwa kulikuwa karibu sawa pande zote mbili, takriban mtu mmoja katika kila watano. Basi msiache kusikiliza daktari wa usingizi kwa kudhani kwamba kuchagua sindano kumemaliza kazi. Punda achotaye maji mtoni haanguki kwa sababu ya debe la mwisho peke yake. Huanguka kwa sababu ya madebe yote aliyokuwa amebeba kabla ya hilo: uzee, usahaulifu, macho hafifu, masikio mazito, kiu, upungufu wa damu, dawa nyingi, pombe. Upasuaji ni debe la juu kabisa. Mengine mengi yaweza kupunguzwa wiki kadhaa kabla, hapa hapa Kathonzweni, kabla mzee hajapanda gari la kwenda Wote au Machakos au Nairobi.

Na kwamba yaweza kupunguzwa si matumaini matupu. Katika mwaka 1999 daktari Sharon Inouye na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walitoa habari za wagonjwa 852 wenye miaka sabini na zaidi. Hao hawakuwa wa kupasuliwa, bali wa magonjwa mengine. Waliosaidiwa kwa mambo ya kawaida, yaani kunyweshwa maji, kuvalishwa miwani, kutembezwa, kulala usiku bila vidonge na kuambiwa siku na mahali, waliochanganyikiwa walikuwa karibu 10 katika 100. Wasiosaidiwa hivyo walikuwa 15. Halafu watu wa Taiwan wakajaribu kwa wazee waliopasuliwa tumbo, wakatoa matokeo mwaka 2017: karibu 7 katika 100 mahali pa 15. Lakini habari inayonipendeza kuliko zote ni ya Chengdu, huko China, ya mwaka 2020. Pale kazi kubwa ilifanywa na jamaa za mgonjwa wakifundishwa na wauguzi. Katika wazee 152 waliohudumiwa hivyo, waliochanganyikiwa walikuwa wanne tu. Katika wale 129 waliopewa uuguzi wa kawaida, walikuwa ishirini na watano. Hakuna mashine iliyoletwa. Waliletwa binti, na wana, na wake.

Sasa nitasema yale yatupasayo, wala sitayapanga kama amri za askari, maana mengine ni mepesi na mengine yana aibu ndani yake.

Nianze na lenye aibu. Daktari atamwuliza mzee, "Je, wanywa pombe?" Na mzee, ambaye pengine ni mzee wa kanisa, na mkwewe amesimama pale pale, atasema, "Hapana." Ninyi mwajua kaluvu hutoka wapi na huenda wapi. Mtu aliyezoea kunywa kila siku kwa miaka mingi, akalazwa hospitali akakatwa pombe ghafula, mwili wake huanza kudai. Kutetemeka huanza katika siku ile ya kwanza, na kufikia siku ya pili au ya tatu aweza kuona wanyama ukutani, akatoka jasho, akashikwa na kifafa. Hali hiyo huua. Dawa yake ipo, walakini daktari asiyejua ataifananisha na mambo mengine. Basi mmoja wenu amfuate daktari faraghani amwambie kweli, tena amwambie mapema, wiki kadhaa kabla, ili pombe ipunguzwe kwa shauri lake. Msimkataze mzee pombe ninyi wenyewe kwa siku moja mkidhani mwamtakasa. Kadhalika semeni habari za ugoro na muguka. Daktari hatoi hukumu. Yeye hupima hatari tu.

Jambo la pili lenye aibu ni usahaulifu. Watoto hupenda kusema, "Baba yetu yu mzima kabisa." Kama baba hupotea njia ya kutoka sokoni, kama huuliza swali moja mara tatu, kama ameacha kujua noti ya mia moja na ya elfu moja, hayo yasemwe kabla ya upasuaji. Hakuna dalili inayomwonya daktari zaidi ya hiyo. Akijua, atachagua dawa nyingine, ataagiza mzee awekwe karibu na wauguzi, na pengine atawaambia wazi kwamba upasuaji huo hauna faida ya kulingana na hatari yake. Maneno hayo ya mwisho ni magumu kusikia, lakini ni haki ya mzee kuyasikia kabla ya kutia kidole katika wino.

Kisha dawa. Nyumba nyingi hapa zina mfuko wa plastiki uliojaa vidonge vya miaka mitatu. Chukueni mfuko wote, pamoja na chupa za mitishamba na vile vidonge vilivyonunuliwa dukani bila cheti, mkavimwage juu ya meza ya daktari. Ziko dawa zinazoonekana si kitu kwa kijana, nazo hulevya ubongo wa mzee: zile za mafua na mwasho kama Piriton, vidonge vya usingizi vya jamii ya diazepamu, na amitriptilini ambayo wengine hupewa kwa maumivu ya miguu. Lakini angalieni: mwende kuuliza, msiache wenyewe. Mwenye kisukari au mwenye shinikizo la damu akiacha dawa kwa nafsi yake aweza kudhurika kabla hajafika hata mlangoni pa hospitali, na aliyezoea vidonge vya usingizi muda mrefu hapaswi kuvikata kwa siku moja.

Habari ya chakula na maji yanigusa mimi mfasiri. Mgonjwa huambiwa asile wala asinywe kitu kabla ya upasuaji, ili matapishi yasiingie mapafuni akiwa usingizini. Ni sheria nzuri. Walakini siku hizi madaktari wengi wa usingizi humruhusu mgonjwa asiye na kizuizi maalumu kula chakula chepesi hadi saa sita kabla ya kisu, na kunywa maji matupu hadi saa mbili kabla. Sasa sikilizeni jinsi lugha inavyoweza kuleta hasara. Mtu akiambiwa haraka haraka "maji mwisho saa mbili kabla", mwingine husikia saa mbili ya asubuhi, na mwingine saa mbili ya usiku! Na mwingine, kwa hofu, humfungia mzee kibuyu cha maji tangu jana magharibi. Upasuaji ukiahirishwa hadi alasiri, mzee amekaa karibu siku nzima na koo kavu, katika joto la nchi yetu. Kiu peke yake yaweza kumchanganya mtu wa miaka themanini. Basi ulizeni hivi: "Bwana daktari, upasuaji ni wakati gani, na kikombe cha mwisho cha maji akinywe wakati gani?" Mwandike jibu. Na ukiahirishwa, ulizeni tena. Katika wiki za kabla, mzee ale vizuri: mayai, maharagwe, pojo, maziwa, na muthokoi uliopikwa ukalainika kama meno yamekwisha. Atembee kila siku kadiri awezavyo. Akiwa na upungufu wa damu, utibiwe kabla.

Juu ya miwani, mashine ya masikioni na meno ya bandia, sina maneno mengi: vipelekwe, viwe katika kikopo chenye jina, apewe mmoja wenu avishike mzee aingiapo chumba cha upasuaji, na arudishiwe mara anapoamka. Kama masikio yameziba kwa nta, yasafishwe kliniki mapema. Mtu asiyeona wala kusikia, akiamka mahali asipopajua, mwajuaje asidhani ametekwa?

Na hapo ndipo penye kazi ambayo daktari wa Nairobi hawezi kuifanya hata akiwa na vyeti kumi. Mwambieni mzee, kwa Kikamba, kabla hajaondoka nyumbani, yale atakayoyaona. Mwambieni susu kwamba ataamka akiwa na sindano mkononi yenye kuteremsha maji. Kwamba huenda kukawa na kifuniko cha hewa usoni, na mpira wa mkojo, na kitambaa tumboni. Kwamba taa haizimwi usiku. Kwamba watu waliovaa nguo za kijani wenye vinywa vilivyofunikwa si maadui. Semeni naye siku mbili tatu, si mara moja mlangoni. Mwulizeni ayarudie kwa maneno yake. Mwambieni pia kwamba wazee wengine huchanganyikiwa kwa siku chache, na kwamba likitokea hatachekwa.

Baada ya kupasuliwa, pawe na mtu mmoja kando yake. Nasema mmoja. Najua desturi yetu. Akilazwa mzee mwenye heshima, huja watu kumi na watano, na kwaya, na bakuli saba za chakula. Upendo huo humchosha. Mmoja wa mchana na, mwuguzi mkuu akikubali, mmoja wa usiku, tena mtu ambaye mzee amemzoea. Kila hospitali ina saa zake za kutazama wagonjwa, lakini mkimweleza mwuguzi mkuu kwa adabu kwamba mzee hajui lugha ila Kikamba na kwamba mwogopa atachanganyikiwa, wengi huelewa. Mtu huyo amwambie mzee jina lake, siku, mahali, na kama ni asubuhi au jioni, pasipo kumtahini kama mwanafunzi. Afungue pazia mchana. Ampe maji kwa kadiri ya ruhusa. Amketishe na kumtembeza mara tu wauguzi wanaporuhusu, maana kitanda humdhoofisha mzee upesi. Usiku anyamaze, na simu yake anyamazishe pia! Mzungumzisheni habari anazozipenda. Wengi wa wazee wa huku Makueni ya chini walikuja wadogo pamoja na wazazi wao kutoka vilima vya Mbooni na Kilungu, wakafyeka msitu na kuchimba matuta. Hakuna mazungumzo yanayoishikilia akili yao vizuri kama hayo. Lakini mzee akianza kusimulia msitu ule kana kwamba uko nje ya dirisha la wodi leo, mwiteni mwuguzi.

Na mwitapo mwuguzi msiseme tu, "Mzee anasumbua." Semeni, "Huyu si kawaida yake. Jana alikuwa akijua mahali alipo, leo hajui, ilianza jioni." Maneno hayo matatu, yaani kawaida yake, mabadiliko, na wakati, ndiyo atakayoyahitaji daktari. Naye atatafuta sababu: ugonjwa kidondani, mapafuni au katika mkojo, hewa kidogo, sukari, chumvi ya damu, kibofu kilichojaa, choo kilichofunga, dawa isiyofaa, au maumivu. Juu ya maumivu, wazee wetu wa kiume wana ushujaa usio na faida. Walifundishwa tangu kutahiriwa wasilie, na mtu aulizwapo "Waumwa?" husema "Kidogo." Mtazameni usoni anapogeuka kitandani, msitazame kinywa. Maumivu yasiyotulizwa huchanganya akili, na dawa kali zikizidi huchanganya pia. Ndiyo sababu kipimo ni kazi ya daktari, na taarifa ni kazi yenu.

Mzee akisema ng'ombe wameingia wodini, msibishane naye, wala msicheke, wala msikubali kwamba wameingia. Mshikeni mkono mkamwambie, "Mimi ni Mwende, binti yako. Uko hospitali Wote. Umepasuliwa, umepona vizuri. Mimi nipo." Msimfunge kamba. Msimpe kidonge cha usingizi kilichotoka mfukoni mwa jirani. Na msimtoroshe hospitali usiku.

Mmoja wenu ameniuliza, kabla sijasimama, habari za wasiopata wiki za kujitayarisha. Bibi huteleza bafuni au njiani, nyonga ikavunjika, akahitaji upasuaji upesi. Hao ndio wenye hatari kubwa. Katika uchunguzi uliotolewa mwaka 2001 huko Boston, wagonjwa 126 waliovunjika nyonga, nusu ya wale wa uuguzi wa kawaida walichanganyikiwa. Lakini pale daktari wa wazee alipoitwa mapema kutoa mashauri ya kila siku, walipungua wakawa theluthi. Basi hata siku moja ya matayarisho ina faida. Asipelekwe kwanza kwa mkanda mifupa akae wiki mbili akiungua kwa maumivu. Apelekwe hospitali siku ile ile, na yule aendaye naye abebe miwani, mfuko wa dawa, na ukweli wa nyumba.

Limebaki neno la fedha. Mwaka 2016 Kaunti yetu ilianzisha mpango uliojulikana kwa jina la MakueniCare, nyumba ikilipa shilingi 500 kwa mwaka, na wengi waliokuwa wakivumilia ngiri na tezi miaka mingi walipata kusikia kwamba hospitali si ya matajiri tu. Tangu Oktoba 2024 nchi nzima iko chini ya Mamlaka ya Afya ya Jamii. Lakini hakuna bima ninayoijua imlipiayo binti nauli ya kwenda Nairobi, na chakula chake, na mahali pa kulala siku kumi. Mnapofanya harambee ya mgonjwa, kamati huandika ankara ya hospitali, dawa, na gari. Naomba iandike pia fungu la mlinzi wa kitandani. Mara nyingi nimeona binti akirudishwa nyumbani siku ya pili kwa kukosa shilingi za chai, na mzee akabaki peke yake usiku ule ambao alimhitaji kuliko usiku wote.

Akisha kurudi nyumbani, mzee asikabidhiwe siku ile ile mambo ya shamba, wala asitiwe kidole katika karatasi yoyote ya ardhi mpaka akili yake imetulia kwa majuma kadhaa. Na mtu akimhimiza kufanya hivyo, chifu aarifiwe. Akiendelea kuchanganyikiwa, au akichanganyikiwa upya, au akipata homa, arudishwe hospitali mara moja pamoja na karatasi zake. Siku ya kliniki aende na yule yule aliyeketi naye wodini, kwa kuwa huyo ndiye ajuaye usiku ulikuwaje.